Bamba la milimita 150 kwenye flanji ya 165: kisa cha kiungio cha ghala Kigoma

Ghala lenyewe si kubwa. Upana wake ni mita 15 na urefu mita 30, lina fremu 7 za chuma zilizoachiana mita 5, na paa la mabati lenye mteremko wa digrii 10. Lilipangiwa kusimama upande wa Kibirizi, Kigoma, pale maboti yanapopakia na kushusha dagaa, mgebuka, mawese na shehena za kwenda Kongo na Burundi. Vyuma vyote vingekatwa na kutobolewa Dar es Salaam kwa mashine inayosoma faili zitokazo kwenye modeli ya kompyuta. Uchomeleaji na usimamishaji wa fremu ulikabidhiwa karakana moja ya Mwanga, mjini Kigoma.

Modeli ilichorwa kwa Tekla Structures, programu ya kuchora miundo ya majengo iliyozaliwa Ufini na ambayo tangu 2011 iko chini ya kampuni ya Trimble ya Marekani. Mchoraji wa kwanza, ambaye wakati kisa hiki kinatokea alikwisha kuondoka kwenye mradi, alitengeneza komponenti yake mwenyewe kwa ajili ya kiungio cha nguzo na boriti ya paa. Hicho ndicho kiungio kinachobeba momenti kubwa, yaani nguvu ya kupinda, katika fremu ya aina hii, na ghala zima linavyo 14. Kila kimoja kina bamba la mwisho lenye unene wa milimita 20, lililochomelewa kwenye kichwa cha boriti. Pia kina bolti 10 za M20 (kipenyo cha milimita 20) daraja la 8.8, hanchi, yaani kipande cha pembetatu kinachoongeza kimo cha boriti inapokaribia nguzo, na stifena 4, yaani vipande vya bamba vya kuimarisha, ndani ya nguzo. Kuchora vitu hivyo kimoja kimoja mara 14 ni kazi ya kuchosha na ya kukaribisha makosa. Akavichora mara moja, akavifunga pamoja kuwa komponenti moja, akaibandika kila fremu. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Programu inakuruhusu kuunda komponenti za aina nne: ya sehemu, ya kiungio, ya kipengele kwenye chuma kimoja, na ya mshono unaofuata urefu wa vyuma viwili. Yeye alichagua ya kiungio, nguzo ikiwa chuma kikuu na boriti ikiwa chuma cha pili, kama inavyotakiwa.

Komponenti ilifanya kazi bila tatizo kwa muda wote ambao nguzo na boriti zilikuwa IPE 300, chuma cha umbo la I: flanji ni mabawa yake mawili, na ukuta wa kati ndio unaoyaunganisha.

Kisha muuzaji wa vyuma akasema IPE 300 hazitoshi stoo, ila anazo UB 305×165×40, chuma cha umbo la I vilevile. Mhandisi akakaa na jedwali. IPE 300 ina uzito wa kilo 42.2 kwa mita, UB hiyo kilo 40.3. Kipimo cha uwezo wa kupinda kwa hali ya plastiki, yaani chuma kinapopinda bila kurudi, ni sentimita za ujazo 628 kwa IPE na 623 kwa UB. Kwa kupinda, hawa ni ndugu wa tumbo moja. Akapiga tena hesabu ya fremu, vyuma vikapita, akakubali mabadiliko kwa maandishi. Mchoraji wa pili akachagua nguzo na boriti zote kwenye modeli, akabadili profaili, yaani aina na vipimo vya chuma, na baada ya muda mfupi kila kitu kikajichora upya. Alama za viungio zote 14 zikabaki kijani.

Rangi hiyo inastahili kuelezwa vizuri, maana imewapotosha wengi. Katika Tekla alama ya kiungio huwa ya kijani, ya njano au nyekundu. Nyekundu ni kwamba kiungio kimeshindwa kuundwa. Njano ni kwamba kimeundwa lakini kuna jambo la kutazamwa, mara nyingi bolti iliyo karibu mno na ukingo. Kijani ni kwamba sehemu zimeundwa. Basi. Haisemi kwamba bamba linatosha upana, wala kwamba kuna mahali pa kukalisha mshono wa kuchomelea, wala kwamba kiungio kinabeba mzigo. Komponenti ya kujitengenezea inajua kile tu ulichoifundisha kujua.

Michoro ya karakana ilitumwa Mwanga ikaangaliwe kabla ya kukata. Fundi mkuu, mtu mzima aliyechomelea vyuma vya maboti na vya majengo kwa miaka mingi, akapiga simu.

"Injinia, habari za kazi. Hii pleti yako ya 150 na flanji ya 165, weldi naikalisha wapi?"

"Mzee wangu, ngoja kwanza. Tusikate kitu chochote."

Hapo ndipo nilipoombwa niifungue komponenti hiyo na kuisoma kutoka ndani.

Bamba la mwisho lilikuwa limeandikiwa upana wa milimita 150. Halikufungwa na kitu chochote. Ni namba tu iliyoingizwa kwa mkono. Kwa IPE 300, ambayo flanji yake ina upana wa milimita 150 kamili, bamba na flanji vilikuwa sawasawa ukingo kwa ukingo. Hata hapo nafasi ilikuwa ya kubana, kwa sababu mshono wa kuzunguka flanji unahitaji bamba lichomoze kidogo kila upande ili upate pa kukaa. Ilipokuja flanji ya 165, chuma kikalizidi bamba kwa milimita 7.5 kila upande. Kwenye skrini, ukiangalia fremu kwa mbali, huoni kitu. Kwenye meza ya kuchomelea unaona mara moja, na ndiyo maana aliyeliona ni fundi.

Tatizo la pili lilikuwa limejificha zaidi, na kwangu ndilo lenye uzito. Stifena za ndani ya nguzo zinatakiwa zijaze nafasi kati ya flanji mbili za nguzo. Kwenye IPE 300 nafasi hiyo ni milimita 278.6, yaani kimo cha 300 ukitoa unene wa flanji mbili za 10.7. Mchoraji alizipima stifena kutoka bapa la katikati ya nguzo, yaani uso wa kufikirika upitao katikati yake, milimita 139.3 kila upande. Namba ni sahihi kabisa kwa IPE 300. Lakini UB 305×165×40 ina kimo cha milimita 303.4 na flanji za 10.2, kwa hiyo nafasi ya ndani ni 283.0. Stifena zikabaki fupi kwa milimita 2.2 kila mwisho. Mshono wa pembe wenye mguu wa milimita 6 ukiwekwa juu ya pengo la namna hiyo hupoteza zaidi ya theluthi ya mguu wake, na mchomeleaji asipoambiwa ataujaza kwa macho.

Sasa unganisha hilo na ukuta wa kati wa nguzo. Kwenye IPE 300 ukuta huo una unene wa milimita 7.1, kwenye UB hii ni 6.0, upungufu wa takribani asilimia 15. Mzigo wa paa unaposhuka, sehemu ya chini ya hanchi inausukuma ukuta wa nguzo kwa nguvu, na kazi ya stifena ni kuusaidia ukuta huo usijikunje. Kwa maneno mengine, mabadiliko yaleyale yaliyoudhoofisha ukuta ndiyo yaliyoziacha stifena zikiwa hazigusi flanji. Vyuma viwili vinavyokaribiana sana kwa kupinda vilitofautiana hasa mahali ambapo kiungio kinaumia. Jedwali la uwezo wa kupinda halikuweza kumwonyesha mhandisi jambo hilo, na komponenti haikuwa na njia ya kumwambia.

Kuna tofauti nyingine niliyoiona nikaiacha. Upana wa stifena ulikuwa milimita 70, namba ya mkono vilevile. Nafasi kutoka ukuta wa kati hadi ukingo wa flanji ni 71.45 kwenye IPE na 79.5 kwenye UB. Stifena ya 70 inaishia milimita 9.5 kabla ya ukingo, na mhandisi alilikubali hilo bila shida. Pembe za stifena zilikatwa kwa milimita 20 ili zisigonge mviringo wa ndani ya chuma. Mviringo huo una nusu kipenyo cha milimita 15 kwenye IPE na 8.9 kwenye UB, kwa hiyo namba ile ile inatosha kote. Si kila namba iliyoandikwa kwa mkono ni kosa.

Na hapa ndipo penye hoja yangu kuhusu komponenti hizi. Kila kipimo kina mwenyewe. Upana wa bamba mwenyewe ni flanji ya boriti. Urefu wa stifena wenyewe ni nyuso za ndani za flanji za nguzo. Unene wa bamba mwenyewe ni mhandisi na hesabu yake. Umbali kati ya safu mbili za bolti mwenyewe ni karakana inayotoboa na drili yake, kwa mipaka aliyoiweka mhandisi. Kutengeneza komponenti vizuri ni kumtafuta mwenyewe wa kila kipimo na kukifunga kwake. Mchoraji wa kwanza alijua kuitumia programu vizuri, ila vipimo vyake karibu vyote alivifunga kwa namba, na namba hizo zilikuwa za chuma kimoja.

Kigoma hili lina uzito kuliko Dar es Salaam. Reli ya kati kutoka Dar hadi Kigoma ni kama kilomita 1,250. Bamba lililokosewa Dar linarudiwa jioni ileile; bamba lililokosewa na kugundulika Kibirizi linasimamisha kreni, vijana na mwenye mali kwa siku nyingi, au mbaya zaidi, linamshawishi mtu apanue tundu kwa moto wa gesi ili mambo yaende. Mji huu unaijua vyema kazi ya kuunganisha chuma kilichokatwa mbali. Meli inayoitwa leo MV Liemba iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Kila bamba na kila tundu la ribiti vilipaswa kulingana na mwenzake mbele ya ziwa, mbali na kiwanda kilichovitengeneza.

Tulianza marekebisho na stifena. Programu inakupa aina kadhaa za mabapa ya kufungia. Yapo mabapa ya mpaka, ambayo ni kuta za kisanduku kinachokizunguka chuma chote. Yapo ya katikati. Na yapo ya umbo, yanayofuata nyuso halisi za chuma, za nje na za ndani. Wengi hukimbilia ya mpaka au ya katikati kwa kuwa ni rahisi kuyashika kwa kipanya, kisha huandika namba ya kutoa unene wa flanji. Namba hiyo ndiyo mtego. Tulizifungua stifena kutoka bapa la katikati, tukafunga kila mwisho kwenye bapa la umbo la uso wa ndani wa flanji, kwa umbali wa sifuri. Tangu hapo profaili ikibadilika stifena inarefuka au kufupika yenyewe. Kuziweka kwa kimo kulifuata fikra ileile: jozi ya chini ilifungwa kwenye flanji ya chini ya hanchi, maana hapo ndipo msukumo unapoingia, na jozi ya juu kwenye flanji ya juu ya boriti.

Upana wa bamba ulitupa mjadala mrefu zaidi. Wazo la kwanza lilikuwa fomula: upana wa flanji jumlisha milimita 30. Tekla inakuwezesha kuvuta sifa ya chuma kilichofungwa, kama upana wake, na kuiingiza kwenye fomula ya kigeu, yaani thamani inayoweza kubadilika. Kwa UB yetu jibu lilikuwa 195. Kimahesabu halina kasoro, lakini muuzaji hana chuma bapa cha 195. Karakana ya Dar ingelazimika kukata kutoka kwenye shiti kubwa, kulipia muda wa mashine na kubaki na vipande. Chuma bapa cha 200 kinapatikana. Tukaacha fomula ya kujumlisha, tukaandika jedwali dogo kwenye faili la maandishi matupu: kila mstari una jina la profaili, upana wa bamba na umbali wa safu za bolti. Programu ina amri ya kusoma thamani kutoka faili la namna hiyo kwa kutafuta jina la mstari na namba ya safu wima. Angalizo kwa atakayefanya hivi: jina kwenye faili lazima lifanane na la kwenye katalogi hata kwa nafasi tupu na alama za nyota (*).

Kwa hiyo bamba likawa milimita 200 kwa 20. Umbali wa safu za bolti tuliuacha 90. Kulikuwa na pendekezo la kuufunga na upana wa flanji, asilimia 60 yake, na nililipinga. Kwa IPE 300 ungepata 90, kwa UB 99, kwa chuma kingine namba nyingine, na kila mara karakana ya Dar ingepanga drili upya bila faida yoyote ya kihandisi. Kwa bolti ya M20 tundu ni milimita 22, na Yurokodi 3, kanuni ya Ulaya ya miundo ya chuma, inataka umbali wa kutoka katikati ya tundu hadi ukingo usipungue mara 1.2 ya tundu, yaani 26.4. Kwenye flanji ya nguzo ya 165 umbali wetu ni 37.5. Nafasi ipo tele. Kufunga kila kitu na kila kitu ni kosa lililo sawa na kutofunga chochote, kwa sababu kipimo kinaanza kuyumba mahali ambapo hakuna aliyekihitaji kiyumbe.

Bamba la 200 lilichomoza milimita 17.5 kila upande wa flanji ya nguzo, na ukaguzi wa migongano ukaonyesha linagusa bamba la kamba ya mlalo kwenye fremu zenye mikingamo ya upepo. Lile la kamba lilisogezwa. Hilo lilikuwa jepesi.

Baada ya hapo tulijaribu komponenti kwenye modeli tupu yenye nguzo na boriti moja moja, tukiizungushia profaili na miteremko: IPE 300, UB 305×165×40, IPE 360, UB 254×146×37, kwa digrii 6, 10 na 15. Ningesisitiza jaribio hili kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu lilitoa kasoro ambayo mradi wetu wenyewe usingeionyesha. UB 254 ina kimo cha milimita 256 tu, na hanchi inayokatwa kutoka chuma hichohicho inapungua nayo, kwa hiyo kiungio kizima kinafupika kwa karibu milimita 90. Safu zote za bolti zilikuwa zimehesabiwa kutoka juu kwa nafasi zisizobadilika, na safu ya mwisho ikaangukia juu ya flanji ya chini ya hanchi. Tulizigawa bolti katika makundi mawili. La juu, linalobeba mvuto wa mzigo wa paa, limefungwa kwenye upande wa chini wa flanji ya juu ya boriti kwa nafasi inayotosha spana. La chini, linalofanya kazi upepo unapoinua paa, limefungwa kwenye flanji ya hanchi.

Wanaotumia Revit, programu nyingine ya kuchora majengo, watakutana na haya haya ndani ya familia, kwa majina mengine: mabapa ya marejeo badala ya mabapa ya umbo, vigezo badala ya vigeu. Na anayemtumia mhandisi modeli kwa faili la IFC, muundo wa kubadilishana modeli kati ya programu tofauti, akumbuke kwamba faili hilo linabeba umbo na sifa za vyuma, lakini vifungo na fomula vinabaki kwenye modeli ya asili. Mhandisi anaona bamba la 200. Haoni kwa nini ni 200.

Komponenti iliyorekebishwa ilipohifadhiwa, viungio vyote 14 vilijisahihisha kwa pamoja, kwani hakuna kilichokuwa kimevunjwa. Hili nalo halikuwa la bahati tu. Wachoraji wengine, wakikutana na kiungio kinachosumbua, hukivunja kiwe vyuma huru na kukitengeneza kwa mkono. Kikivunjwa hakipokei tena marekebisho. Namba za vipande zilipangwa upya kabla ya kutoa michoro, na michoro ya awali ikafutwa kwa barua, ili isibaki karatasi yenye alama ileile na bamba la 150.

Fundi mkuu wa Mwanga alipata michoro mipya, akaomba jambo moja: mchoro wa bamba uonyeshe flanji kwa mstari wa nukta, ili mchomeleaji aone chuma kinakaa wapi bila kupiga hesabu. Tuliongeza. Kisha tuliweka kinga ndani ya komponenti yenyewe. Kigeu kimoja kinatoa upana halisi wa flanji kutoka upana wa bamba uliosomwa kwenye jedwali. Tofauti ikiwa chini ya milimita 20, bamba halichorwi kabisa, na boriti inaonekana ikining'inia mbele ya nguzo na bolti zisizo na bamba. Mchoraji yeyote ataiona. Jedwali lina mistari minne kwa sasa, ya profaili zilizojaribiwa, na mstari wa tano hauongezwi mpaka mhandisi awe amekagua kupinda kwa flanji na ukuta wa nguzo kwa chuma hicho kipya na kuweka saini yake.